Raia wapya wa Katumba na Mishamo: tuliwafungia wenyewe, leo tunauliza kwa nini hawajajichanganya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu hawa tunaowaita raia wapya, yaani wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakawekwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Katumba na Mishamo, na wakapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Msomaji anasema, nafupisha maneno yake, kwamba mtu akishapewa uraia wetu aache mambo ya alikotoka, Kirundi aache, jina abadili ikibidi, asikae na wenzake peke yao, afuate utamaduni wa taifa, na asiyetaka njia ya kurudi kwao anaijua. Akamalizia na ule msemo wa ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Barua ile ilisomwa kijiweni kwetu hapa Mpanda kwa sauti na wengi waliisapoti, mmoja akagonga na meza, mi nikanyamaza manake biashara yangu ni maharage na mahindi, nanunua kwa hao wanaosemwa na nawauzia hao wanaosema. Lakini kunyamaza nako kumenishinda.

Sipingi kila kitu alichosema, nianze na hilo. Mtu anayekuja kuishi kwenye nchi ya watu ana deni. Ajue lugha ya kuongea na majirani, afuate sheria, alipe kodi na ushuru kama sisi tunavyolipa, mtoto wake akae dawati moja na mtoto wangu, na vita ya kwao aiache kwao. Hapo sina mjadala. Ila msomaji amevuka hapo akaingia mpaka ndani ya nyumba ya mtu, anataka kujua jioni mama anaongea na wanae lugha gani, na hapo ndo tunaachana.

Nilitafuta Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 nione inadai nini, isije ikawa tunabishana bure. Mgeni anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi nchini miaka inayotajwa, awe na tabia njema, awe na mchango kwa nchi, akubali kuacha uraia wake wa zamani manake sisi uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima hatuna, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Basi. Kuacha lugha ya mama yake hakumo, kubadili jina hakumo. Na hilo la "au Kiingereza" kusema kweli linanichekesha, yaani mtu anaweza kuja na Kiingereza chake, Kiswahili hana hata cha kununulia nyanya, na kwa sheria kipengele cha lugha amefaulu, wakati bibi wa Mishamo anayesali kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili na anadai chenji kwa Kiswahili anaambiwa hajajichanganya.

Sasa twende kwenye historia manake naona vijana wengi wanachanganya mambo. Ukisema Mrundi mtu anawaza Nyarugusu na Nduta, kambi za Kigoma za watu waliokuja miaka ya tisini na wale wa 2015. Hao ni kundi jingine, hawakuwemo kwenye uraia huu, hatuwaongelei. Hawa wa kwetu ni wa 1972, enzi za Rais Micombero wa Burundi, jeshi lake lilipowaua Wahutu, hasa waliosoma, walimu, makarani, wanafunzi, idadi inakadiriwa kuanzia laki moja kwenda juu. Waliopona wakavuka. Mwalimu Nyerere akawapokea, wakapelekwa porini, nasema porini kwa maana yake kabisa, kwenye misitu ya mbung'o na wanyama, Ulyankulu kule Tabora, Katumba ikafuata 1973, halafu Mishamo 1978, hizi mbili zilikuwa mkoa wa Rukwa na sasa ni Katavi kwetu. Wakapewa eneo la kulima na majembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, hawa jembe walipewa kweli na wakalishika. Mpaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yanajilisha yenyewe, Umoja wa Mataifa ukakabidhi kwa serikali ukaondoka. Na Mwalimu alishapewa ile medali ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi, tukajivuna kama taifa, sawa.

Ila kuna upande wa pili ambao kijiweni hawausemi. Makazi yale yalikuwa na mkuu wa makazi, mtu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na ukitaka kutoka unaomba kibali. Unataka kwenda kumuona ndugu Tabora, kibali. Kuuza mzigo wako mjini, kibali. Ukikutwa nje huna karatasi una kesi. Sheria ya mwanzo ya wakimbizi ya 1965 ilikuwa hivyo na ile ya 1998 iliyokuja baadae haikulegeza, mkimbizi anakaa pale alipopangiwa. Kwa hiyo mtu amewekwa sehemu moja na wenzake tu, jirani Mrundi, mchungaji Mrundi, fundi Mrundi, msichana wa kuoa Mrundi, na kutoka haruhusiwi mpaka kwa hisani ya ofisa, miaka 40, halafu siku ya kwanza ya uraia tunamuuliza mbona unaoa Warundi wenzako tu? Alitakiwa aoe nani bwana, kibali cha kwenda kuchumbia angeandika sababu gani?

Na linganisha na wenzao. Mwaka huohuo 1972 sio wote walioenda kwenye makazi. Wengine walibaki Kigoma mjini, Ujiji, na kwenye vijiji vya ukanda ule, wakaishi katikati ya Waha. Mimi ni Mha, nimezaliwa Kasulu, Kiha na Kirundi vinasikilizana, ukiongea chako yeye anaongea chake mnafika. Wale hawakupewa semina ya utamaduni na hakuna aliyewaambia waache chochote. Wakafanya kazi pamoja na watu, wakavua, wakalima, wakaoa, wakaolewa, wakazikana na watu, na baada ya miaka 15 au 20 kuwatofautisha ikawa kazi, wengi walikuwa hawataki hata kukumbushwa stori hiyo. Wakati huohuo kule Mishamo ndani ya uzio wa vibali (uzio wa waya haukuwepo, ulikuwa wa karatasi) wazee wanakaa kila jioni wanawasimulia watoto 1972, ardhi tuliyonyang'anywa, siku tutakayorudi, na chama cha Palipehutu kilizaliwa hukohuko Mishamo mwaka 1980. Chama cha siasa za Burundi kimezaliwa ndani ya Tanzania, sababu tuliwaweka watu mahali ambapo kitu pekee cha kuongea ni Burundi. Siasa za kwao zilishamiri pale tulipowatenga, zikapoa pale tulipowaacha waishi. Msomaji wetu anaogopa watu wenye mguu mmoja huku na mmoja kule, mi nasema ukitaka kuwatengeneza watu wa hivyo fanya kama tulivyofanya Mishamo.

Na cha ajabu zaidi, hilo analotaka msomaji serikali ilishalijaribu. Mwaka 2007 na 2008 wakaulizwa mmoja mmoja, walikuwa kama 218,000 hivi kwenye makazi yote matatu, unarudi Burundi au unaomba uraia? Kama asilimia 80 wakasema uraia, waliobaki wakarudi. 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa, ukisikia hivyo unadhani yameisha. Kumbe bado. Wakaambiwa vyeti hampati mpaka mhame, makazi yafungwe, mtawanywe kwenye mikoa kama 16 ya bara, familia chache huku familia chache kule, ili mchanganyike na wananchi. Yaani ni barua ya msomaji wetu neno kwa neno, tena ina ramani.

Ikashindikana. Hela haikutosha, mikoa ya kuwapokea ikaanza kuguna kwamba haikuandaliwa, na wenyewe wakauliza swali la mtu yeyote mwenye akili, nihame niende Lindi nikaanze na nini, shamba langu liko hapa, kaburi la baba liko hapa, kanisa tumejenga kwa mikono yetu liko hapa. 2011 zoezi likasimamishwa. Sasa fikiria hali ya hao watu hapo katikati, uraia wa Burundi ameshaukana kwa maandishi, cheti cha Tanzania hana, ukimbizi ameambiwa umekwisha. Nilikuwa naenda Katumba kuchukua mzigo kipindi hicho, watu hawana mood ya kupanda hata mwembe, utapanda mwembe wa nini na umeambiwa unahama? Nyumba imebomoka ukuta inaachwa hivyohivyo. Shamba linalimwa la msimu mmoja tu, mahindi na maharage, cha kudumu hakiguswi. Mimi mnunuzi niliona hata mzigo unapungua. Miaka 4 ya watu laki na nusu ikapita hivyo, yote kwa sababu mtu mmoja ofisini aliamini utamaduni wa taifa unaingia mwilini kwa kuhamishwa na lori.

Oktoba 2014 chini ya Kikwete vyeti vikaanza kutolewa, bila sharti la kuhama. 2015 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Na hapa ndo nataka msomaji anisikilize vizuri sababu hili nimeliona kwa macho, sikusimuliwa. Lile lililoshindikana kwa amri likaanza kutokea lenyewe. Kijana wa Katumba akishakuwa na karatasi mfukoni haogopi kizuizi, anapanda gari anakuja Mpanda mjini, anaendesha bodaboda, mwingine anafungua duka la spea, mwingine amepanda treni mpaka Kaliua akaunganisha Tabora akaenda zake Dar na hajarudi mpaka leo, nasikia yuko Mbagala anauza mitumba. Mabinti wameolewa na Wafipa, na Wasukuma. Kijiweni petu vijana wa kule wanakuja kuangalia mpira na ukitaka ugomvi mtukanie Yanga yake, hapo utaona kama hajajichanganya. Hakuna aliyewalazimisha. Tuliacha kuwazuia, ndo hicho tu.

Nirudi kwenye huo utamaduni wa taifa wenyewe, manake unasemwa kama vile upo kabatini umekunjwa, mtu anapewa avae. Tanzania tuna makabila zaidi ya 120. Mkoa huu wa Katavi wenyeji ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Leo ukitembea vijijini unakutana na nani? Wasukuma, wamekuja na ng'ombe zao toka Shinyanga na Mwanza na Tabora miaka na miaka, wamejaza vijiji, wanaongea Kisukuma mnadani, wanacheza ngoma zao wakati wa mavuno, wanaoana wenyewe kwa wenyewe wakitaka, mahari wanahesabu kwa ng'ombe kama kwao. Kuna mtu amewahi kuwaambia wawe Wabende? Nani kaandika gazetini kwamba Msukuma wa Mpanda aache Kisukuma? Hakuna, na asiandike, ni haki yao. Ugomvi na wafugaji upo lakini ni wa ng'ombe kuingia shambani, sio wa lugha. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu naongea Kiha na mke wangu, hasa tukitaka watoto wasielewe habari za hela. Mchaga akienda Moshi Desemba hatusemi hajajichanganya na Dar. Sasa Mrundi wa Katumba akiongea Kirundi sebuleni inakuwa hatari kwa taifa, hatari ipi?

Cha taifa tulichonacho kweli ni Kiswahili, na ni kitu kikubwa, sikidharau. Ni shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili nchi nzima tangu 1967, ni kuitana ndugu, ni kuzikana bila kuuliza kabila, ni kutouliza kabila hadharani maana ni utovu wa adabu, na ni Simba na Yanga. Hayo yote raia wapya wanayo. Shule za makazi zilifuata mtaala wetu, watoto wakafanya mtihani wa darasa la saba uleule tuliofanya sisi. Mtu wa miaka 40 pale Katumba amezaliwa Tanzania, Burundi anaijua kwa stori za babu tu.

Na hao waliorudi, zaidi ya 50,000 mwaka 2008 na 2009, unajua walichokuta? Mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yamekaliwa na watu wengine zamani, kesi mpaka kesi, na watoto wao Kifaransa cha shule hawajui, wanaongea Kiswahili, wakaonekana ni Watanzania wamekuja. Ndo uone. Msomaji anasema warudi kwao, wenzao kule wanasema hawa ni wa kule. Kuna wengine wa 1972 waliokuwa kwenye kambi za Kigoma na Ngara ambao Marekani iliwachukua kuanzia 2007, na huko ukimpigia mmoja simu anakujibu kwa Kiswahili. Bujumbura kuna mtaa wa Buyenzi, watu wanaongea Kiswahili mtaani tangu enzi za wakoloni, na ni Warundi, na sisi tukisikia habari hiyo tunafurahi kwamba lugha yetu inaenea, hatusemi watu wa Buyenzi wamekataa utamaduni wa Burundi! Na ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wakianzisha chama cha Watanzania, wakapika ugali, wakawafundisha watoto Kiswahili Jumamosi, tunawapongeza kwamba hawajasahau kwao. Jambo ni lilelile, tofauti ni nani analifanya.

Wapo watakaosema wewe unatetea sababu ni Mha, mpakani kule nyie wote ni wamoja. Hiyo nayo naijibu. Nilienda dirisha la vitambulisho mahali fulani, ofisi siitaji, nina cheti cha kuzaliwa cha Kasulu, nina kila kitu. Yule kijana aliposikia lafudhi yangu akaacha karatasi akaanza maswali, babu anaitwa nani, kijiji gani, mwenyekiti wa mwaka fulani alikuwa nani, halafu "mzee wewe si Mrundi wewe". Nikarudishwa nilete barua ya kijiji. Watu wa Kigoma wanaosoma hapa wanatikisa kichwa, kila mtu ana yake ya kusimulia. Mwaka 2013 kwenye ile Operesheni Kimbunga ya kuwasaka wahamiaji haramu, Kagera, Kigoma na Geita, maelfu waliondoshwa na kati yao walikuwepo watu walioishi hapa miongo, wengine wamezaliwa hapahapa. Kwa hiyo haya mambo ya kumpima mtu Utanzania kwa lafudhi na jina hayaishii kwa raia wapya, yakianza kwake yanakuja kwangu. Msomaji anataka wabadili majina, sawa, kwetu pacha tunamwita Bukuru na Burundi wanamwita Bukuru, sasa na mimi nikambadilishe mjomba wangu?

Nilisoma pia habari za Wamakonde wa Kenya. Wale wazee wao walipelekwa kutoka Msumbiji kufanya kazi za mkonge huko Pwani, Kwale, miaka ya thelathini na kuendelea. Wajukuu wanaongea Kiswahili cha Pwani safi, wameoana na Wadigo, kujichanganya wamejichanganya mpaka basi, na vitambulisho hawakuwa navyo, wengine ilibidi waseme ni kabila jingine ili wapate. Mpaka 2016 walipoamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa Uhuru Kenyatta ndo wakatambuliwa, wakaitwa kabila la 43. Wao sharti la msomaji wetu walilitimiza vizazi vitatu, na karatasi bado wakanyimwa. Halafu kuna upande mwingine wa stori, Wazigua waliochukuliwa utumwani toka pande za Tanga karne ya 19 wakapelekwa Somalia bonde la Juba, zaidi ya miaka mia kwa Wasomali na Kizigua bado wanacho, walipokimbia vita ya 1991 wakaja Handeni wakaelewana na wenyeji, baadae wakawekwa kwenye makazi ya Chogo na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa nini Kizigua hakikufa kule? Sababu kule walidharauliwa, hakuna aliyetaka kuoana nao, sasa wangeyeyukia wapi?

Mhariri nisionekane nawafagilia tu raia wapya, nina ya kuwaambia na wao, tena wengine ni wateja wangu watakasirika. Kuna wazee kule bado wanakataza binti kuolewa na Msukuma au Mfipa, mtoto wa miaka 22 kazaliwa Katumba anaambiwa damu yetu damu yetu, damu gani. Kuna makanisa mahubiri ni Kirundi mwanzo mwisho hata mgeni akiingia hatafsiriwi, sasa hiyo ni mkutano wa nani? Kwenu nyumbani ongeeni mnavyotaka, ila kwenye kikao cha shule, cha kijiji, cha ushirika wa tumbaku, mtu mmoja asiyejua Kirundi akiwepo geuzeni lugha, ni adabu tu. Nilishakaa kwenye kikao cha bei ya maharage wakajadiliana kwa Kirundi mbele yangu wakidhani sisikii, nikawajibu kwa Kiha, walicheka mpaka bei ikashuka. Na wale wanaokumbuka kuwa ni wakimbizi siku ya kugawiwa misaada tu halafu siku ya mchango wa zahanati ni wageni, hao wanatuharibia wote.

Lakini makosa hayo ukiyachunguza sio ya Kirundi, hata Waha wanayo, hata Wachaga. Yanaongelewa kwenye vikao vya kijiji, hayahitaji kumtishia mtu uraia wake.

Kwa upande wa serikali naomba mambo mawili. Moja, watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wajue kwa maandishi kwamba shamba analolima ni lake na kijiji ni kijiji kama vingine, manake mtu aliyeambiwa mara moja kwamba anahama anaendelea kuishi na begi mlangoni. Viongozi nao wakisimama jukwaani waache kusema "nyie Warundi wa hapa". Nimesikia mwenyewe kwa masikio yangu, kiongozi anaomba kura anaanza na hilo neno.

Pili, na hili ndo hasa lilinifanya nichukue kalamu. Wale wa 1972 wa vijiji vya Kigoma, zaidi ya 20,000, niliosema waliishi na sisi Waha mpaka ukashindwa kuwatofautisha, hawakuwemo kwenye vyeti vya 2014. Mpango ule ulikuwa wa makazi matatu tu, hao wa vijijini waliandikishwa pembeni wakaambiwa wasubiri. Yaani waliotengwa porini wakapata kwanza, waliojichanganya wenyewe bila kuambiwa wakabaki nyuma ya foleni. Ningependa msomaji wetu ajibu hilo kwenye barua yake ijayo, na kama kuna ofisa wa uhamiaji anasoma gazeti hili naye ajibu, faili lao limefika wapi.

Najua barua imekuwa ndefu Mhariri. Ukikosa nafasi punguza ile habari ya Wasukuma, wenyewe hawatojali, ila hii ya Kigoma naomba usiikate.

Mnunuzi wa mazao, Mpanda, Katavi
(jina langu unalo, naomba lisichapwe)